Zamu ya Mzee Kanji

Siku mkono wangu uliponyamaza, chumbani tulikuwa watu sita. Nawataja wote, maana sitaki mtu aje aseme nimetunga. Nilikuwepo mimi, Idrisa Saidi, kinyozi wa Kiseke, nimekaa kwenye kiti cha ngozi na waya kichwani. Alikuwepo mke wangu Asha, amekumbatia chupa ya chai ambayo hakuna aliyekumbuka kuifungua. Alikuwepo Zuhura, mdogo wetu wa mwisho, ambaye harusi yake ilikuwa inakaribia. Alikuwepo Shangazi Mwanaidi, amewekewa kiti karibu na mlango kwa amri ya daktari, mbali na kichwa changu, na sababu yake nitaieleza. Alikuwepo Daktari Neema mwenyewe. Na alikuwepo Mzee Kanji, muuza vitambaa, ambaye kwa haki ndiye aliyepaswa kukalia kile kiti.

Nakuandikia wewe unayesoma huku umeukalia mkono wako ili watu wasiuone. Mimi nimeukalia wangu muda mrefu. Najua unavyokufa ganzi.

Niliacha shule darasa la sita. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla hajamaliza eda. Tulibaki wanne, Zuhura akiwa hajaanza hata kutembea. Baba Mdogo Shabani akaja kutoka Kisesa na mpango wake: huyu aende kwa fulani, yule kwa fulani, kitoto achukuliwe na jirani asiye na mtoto. Nilikuwa sina hata ndevu, lakini nilimwambia hapana. Akacheka. Kesho yake nikaenda kwa kinyozi mmoja mjini nikamwomba kazi ya kufagia nywele. Baadaye akanifundisha wembe kwa njia wanayofundishwa vinyozi: unapuliza puto, unalipaka povu la sabuni, unalinyoa. Likipasuka, wewe bado. Siku yangu puto lilibaki zima, na tangu hapo mkono wangu wa kulia ukawalisha watu wanne.

Ndiyo maana ugonjwa huu, wanaouita Parkinson, ulipokuja kukaa kwenye mkono ule ule, niliuchukia kama mtu.

Lakini haukuanzia mkononi, ulianzia puani. Nilikuwa nampaka mteja spiriti baada ya kumnyoa, nikaona haina harufu. Nikamgombeza aliyeniuzia kwamba kaichanganya na maji. Mteja akasema, "Fundi, mbona inanichoma mpaka machozi?" Sikuelewa. Baada ya hapo ukaja uso. Asha alikaa na jambo lake moyoni wiki nzima, mwisho akalitoa mezani:

"Baba Salma, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Umeninunia tangu Ramadhani. Hata mtoto anauliza baba ana hasira na nani."

Nikaenda kwenye kioo cha saluni nikajitazama. Kweli, sura ilikuwa imekaza kama ya askari wa getini. Nikatabasamu, au nilidhani nimetabasamu. Kioo hakikuonyesha kitu.

Kisha mkono ukaanza kucheza. Wateja wangu ni watu wa adabu, hakuna aliyenitukana. Walisema tu, "Fundi, leo pitisha mashine, ndevu ziache." Wote wakaacha ndevu. Ukiona mtaa mzima umefuga ndevu ghafla, ujue kinyozi wao anaumwa.

Aliyebaki ni Mzee Kanji. Kichwa chake nimekinyoa kwa wembe tangu puto lile lilipobaki zima, anapenda king'ae. Wazee wake walifungua duka la vitambaa mjini zamani sana, naye kazaliwa hapa hapa Mwanza. Siku hiyo alikaa kwenye kiti changu, nami nikasimama nyuma yake na wembe, nikashindwa kuushusha. Mkono ulitikisika, na kichwa chake nacho, nikaona kwa mara ya kwanza, kilikuwa kinatikisika kidogo kidogo, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa.

"Shusha tu, Idi," akasema. "Kichwa kinatikisika, mkono unatikisika, labda vitakutana njiani."

"Mzee, nitakukata."

"Basi tutakwenda pamoja kwa daktari wangu. Nimekutazama miezi yote hii. Ulicho nacho ndicho nilicho nacho."

Nikaweka wembe mezani. Sikumnyoa siku ile.

Daktari wake alikuwa Daktari Neema. Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la kliniki yake, nikueleze. Tunakaa watu wa aina moja, na kila mmoja ana mchezo wake. Yupo anayetikisa mguu, yupo anayetikisa kidevu, yupo mama mmoja asiyetikisika kabisa lakini akifika mlangoni miguu inaganda sakafuni kama imepigiliwa misumari. Tulijifunza kumwimbia, na akisikia wimbo miguu inafunguka. Mzee Kanji aliwapa watu majina. Mimi na yeye, ambaye mkono wake wa kushoto nao hucheza, alituita jiko. "Wewe kulia, mimi kushoto. Wakitupa mwiko mmoja tunakoroga uji wa harusi nzima."

Nikapewa vidonge. Masika yote nilikuwa naviwekea saa kama mtu anayelea mtoto mchanga. Vikiingia, ninakuwa mtu; vikiisha nguvu, nakuwa gogo. Jifunze hili mapema: usivimeze pamoja na sahani ya maharage au samaki, vinachelewa. Mimi nilijifunza nikiwa nimeganda sokoni, mfuko wa nyanya mkononi, watu wakipita pembeni yangu kama napatana bei.

Mvua zilipokatika, Rajabu akaleta posa. Ni kijana mzuri, fundi wa boti, na Zuhura alikuwa amemkubali zamani kabla sisi hatujaambiwa. Nilifurahi mpaka uso wangu ukajisahau ukacheka kidogo. Kwa dini yetu, binti asiye na baba wala babu anaozeshwa na kaka yake. Kaka anashikana mkono wa kulia na bwana harusi, mbele ya sheikh na mashahidi, na kutamka mwenyewe kwamba amemwozesha. Yule kitoto aliyetakiwa kupelekwa kwa jirani, mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikifagia nywele za watu. Hayo maneno yalikuwa yangu.

Baba Mdogo Shabani akapiga simu kutoka Kisesa.

"Mwanangu, pole na maradhi. Sasa hilo la kuozesha, niachie mimi."

"Shikamoo, Baba Mdogo. Nitaozesha mwenyewe."

"Kwa mkono upi? Utamshika bwana harusi utamtikisa kama unapepeta mchele? Watu watacheka msikitini. Na sauti yako hata kwenye simu siisikii. Unaweza kumpa uwakili sheikh, au mimi. Dini imerahisisha."

Alikuwa na haki kwa upande wa dini, na hilo ndilo lililoniuma. Sauti yangu kweli ilikuwa imekuwa ndogo. Nikamwambia, "Nipe muda mpaka siku yenyewe. Nikishindwa, nitakupa." Kwa upande wangu nilikuwa nimempa mtu ahadi ambayo sikutaka kabisa kuitimiza.

Wiki chache baadaye Daktari Neema akatukusanya benchini. Alisema kuna mtambo umeletwa kwa utafiti. Zamani, ili kuutuliza ugonjwa huu kwa umeme, ilibidi fuvu litobolewe na waya uingizwe ndani kabisa ya ubongo. Huu hautoboi kitu. Wanakubandika vibandiko juu ya ngozi ya kichwa, mikondo miwili midogo inapita, na inapokutana huko ndani ndipo inapofanya kazi. Sitaki kujifanya nimeelewa zaidi ya hapo. Alisema, na alirudia mara nyingi, kwamba ni jaribio, si tiba iliyothibitishwa, wapo wanaopata nafuu na wapo wasiopata, na siku nyingine wataweka vibandiko bila kuwasha mkondo na hatutaambiwa.

"Kwa hiyo naweza kukaa pale na waya kichwani bure?" Mzee Kanji akauliza.

"Ndiyo, mzee."

"Sawa. Nimeoa miaka arobaini, nimezoea."

Tukagawanywa makundi. Mimi na Mzee Kanji tulikuwa kundi la kwanza, ambalo lingemaliza kabla ya harusi. Kundi la pili lilikuwa baada ya harusi.

Sasa Shangazi Mwanaidi. Ni dada wa marehemu baba, na ndiye mkubwa wetu pekee aliyesimama na mimi enzi zile. Aliposikia nakwenda kuwekewa umeme kichwani, hakukataa, alisema twende na dua. Asubuhi ya siku yangu ya kwanza akaita kina mama wa jirani, wakasoma Yasini sebuleni, udi unafuka, nami katikati nimekaa kwenye mkeka. Kila aliyemaliza kusoma alinipulizia kichwani, kisha Shangazi akanipaka mafuta ya habasoda aliyoyasomea mwenyewe. Hakupaka kwa ncha ya kidole. Alimimina. Alikanda mpaka nyuma ya masikio, akanifunga kilemba ili yasipotee. Nilitoka pale nang'aa na roho imetulia, na sikuwa na habari kwamba nimeharibu kila kitu.

Kule chumbani, vibandiko vilikataa kushika. Daktari Neema anabandika, kinateleza. Anabandika tena, kinateleza mpaka shavuni. Kwenye skrini alama zilikuwa nyekundu.

"Idrisa, umepaka nini?"

"Dua," nikasema.

Wakaniosha kwa sabuni kwenye sinki la hospitali. Wakaniosha kwa spiriti, ambayo bado sikuisikia harufu. Habasoda iliyokandwa na Shangazi Mwanaidi haitoki kwa kuoshwa harakaharaka. Inakaa kwenye ngozi, inajitokeza upya. Muda wangu ukaisha mtu anayefuata akiwa mlangoni. Daktari akanieleza kwa upole kwamba kila kundi lina nafasi zake, siku ya kwanza ikipotea mtu anahamishiwa kundi linalofuata.

Kundi la baada ya harusi.

Nilitoka nikakaa benchini. Shangazi alikuwa pale na chupa yake ya mafuta mkobani, akaniangalia usoni, kisha akaufunga mkoba. Sikumlaumu na sitamlaumu. Alinipaka alichokuwa nacho. Zuhura akasema taratibu, "Kaka, Baba Mdogo akiniozesha nitakuwa nimeolewa vilevile." Ndipo nikaona kwamba na yeye ameanza kukubali.

Mzee Kanji naye alikuwa pale benchini, siku yake ya kwanza ilikuwa kesho yake. Alikuwa amesikia yote, kwa sababu ukuta ule ni mwembamba na masikio yake hayaumwi.

"Daktari," akaita, "kesho muweke Idi mahali pangu. Mimi nihamishie kundi la pili."

"Mzee, haiwezekani tu hivyo."

"Kwa nini? Mimi sina harusi. Wanangu wote wako ng'ambo, wameoa na kuolewa huko huko wakanitumia picha. Huyu ana mtu wa kumwozesha."

Nikamkatalia. Nikamwambia mzee, umri wako, ugonjwa wako ni wa zamani kuliko wangu. Akanigeukia, na kichwa kikatikisika, ndiyo ndiyo ndiyo, kama kinanijibu kabla ya mdomo.

"Sikukupa zawadi, nimekukopesha. Zamu yangu ikifika, utaniosha kichwa wewe mwenyewe, uninyoe kwa wembe, king'ae, vibandiko vishike mara moja. Kwa wembe, Idi, si mashine. Hapo tutakuwa tumelipana."

Daktari Neema akaenda kupiga simu kwa wakubwa wa utafiti. Tulisubiri mpaka benchi likawa tupu. Aliporudi alisema wamekubali, mradi sote wawili tumeridhia. Shangazi akafungua mkoba kutaka kumpaka Mzee Kanji mafuta ya shukrani. Akazuiwa.

Nikaoshwa nyumbani jioni ile na asubuhi yake, kwa sabuni ya mche, na Asha, bila huruma. Kisha tukaingia chumbani wale sita niliowataja. Mzee Kanji alisema amekuja kuangalia mkopo wake unavyotumika.

Vibandiko vikashika. Alama zikawa kijani. Daktari akasema nitasikia kama sisimizi wanatembea juu ya ngozi, na kweli wakatembea. Mkono wangu wa kulia ulikuwa juu ya mbao ya kiti, unagonga kama kawaida yake, ko-ko-ko-ko. Tumeishi na mlio ule mpaka hatuusikii tena. Tukakaa. Shangazi anasoma kimoyomoyo huko mlangoni. Mimi natazama dari.

Kisha Asha akasema, "Baba Salma, mkono wako uko wapi?"

"Upo hapa."

"Mbona siusikii?"

Nikaangalia chini. Ulikuwa unapungua, kama feni iliyokatikiwa umeme: bado inazunguka, lakini unaanza kuyaona mapanga moja moja. Kisha ukatulia. Ulilala juu ya ile mbao kama mkono wa mtu mwingine aliyechoka. Niliogopa kuuita. Daktari akaniambia nifungue na kufumba vidole, nikafumba, nikafumbua, vikanitii. Asha akaifungua ile chupa, mikono yake ndiyo iliyokuwa inatetemeka sasa, akanimiminia kikombe mpaka juu kabisa. Nikakishika. Chai ikakaa kimya ndani yake.

Shangazi Mwanaidi akapiga kigelegele ambacho nadhani kilifika stendi ya Nyegezi. Watu wa korido wakafungua mlango. Yule mama wa miguu iliyoganda akaja mbio, mbio kabisa, kwa sababu kwake kigelegele nacho ni wimbo. Zuhura alikuwa analia na kucheka, na mimi nilicheka nikasikia uso unasogea, mashavu yakaniuma kama misuli ya mtu aliyeanza mazoezi. Daktari Neema alikuwa anasema, "Jamani, taratibu, inaweza kurudi leo leo," huku na yeye anajifuta macho kwa mkono wa koti.

Ikarudi, sikufichi. Jioni mkono ulianza kidogo. Kesho yake tukaenda tena, na kesho yake. Zipo siku sikuona tofauti, pengine hawakuwasha, sijui. Lakini kadiri tulivyoendelea, utulivu ulikaa kwa muda mrefu zaidi, na vidonge vilifanya kazi vizuri zaidi. Nililala usingizi wa kweli. Nilifunga vifungo vya shati mwenyewe.

Sauti tu ndiyo haikusogea. Mtaalamu wa mazoezi akaniambia dawa yake ni kupaza, kila siku, mpaka niaibike. Nikawa nashuka ufukweni asubuhi, kwenye mawe, pale wanapoanika dagaa, namsimamisha Asha mbali na kupaza: "Nimekuozesha!" Makorongo wale wenye vipara wakaruka. Wanawake wa dagaa wakaanza kunijibu.

"Umemwozesha nani, mzee?"

"Mdogo wangu!"

"Kwa mahari gani? Hatusikii huku!"

"Yaliyokubaliwa!"

"Ongeza sauti, bwana harusi atakimbia!"

Kiangazi chote niliozesha ziwa. Walipokosa kuniona siku moja waliulizia.

Siku ya nikaha Baba Mdogo alikuja na kanzu mpya, amejiandaa kabisa. Akakaa karibu yangu msikitini, akauangalia mkono wangu uliokuwa juu ya goti. Ulikuwa unacheza kidogo, kidole gumba tu. Sheikh akauliza, "Walii ni nani?" Baba Mdogo akajikohoza. Mimi nikanyoosha mkono nikamshika Rajabu. Kidole gumba kikagonga mara chache kwenye kiganja chake, naye akakibana taratibu, kikatulia. Nikavuta pumzi kama nilivyokuwa navuta juu ya mawe.

"Nimekuozesha mdogo wangu Zuhura binti Saidi, kwa mahari mliyokubaliana!"

Njiwa wa juu ya paa waliondoka. Sheikh akaweka mkono sikioni. "Idrisa," akasema, "bwana harusi yuko hapa, hayuko Ukerewe." Msikiti mzima ukacheka, na katikati ya kicheko hicho Rajabu akasema amekubali, na mdogo wangu akawa ameolewa, na aliyemwozesha ni mimi. Baba Mdogo alicheka kuliko wote. Kisha akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaushikilia pale muda mrefu.

Hapo ningeweza kuishia, lakini nina mtu anayenidai.

Kundi la pili halikuanza. Baada ya harusi mtambo ulipelekwa kukaguliwa, na kukagua kukachukua karibu mwaka mzima. Zamu iliyokuwa ya Mzee Kanji niliitumia mimi, na yake aliyopewa badala yake ikawa haipo. Hajawahi kulitaja hilo. Nikipita dukani kwake kila asubuhi kumfungia vifungo vya mikono ya shati, maana kwake ndivyo vigumu, ananiuliza habari za Zuhura tu.

Ila amefanya jambo moja. Tangu siku aliyonipa zamu, hajanyolewa. Vinyozi wamejaa mjini, mkwewe mmoja kamtumia hata mashine ya umeme kutoka ng'ambo, kaiacha kwenye boksi. Kichwa kile nilichokuwa nakifanya king'ae sasa kina nywele nyeupe zilizoshuka mpaka kwenye kola, na kinapotikisika zinatikisika nazo. Wateja wakimtania anasema, "Kinyozi wangu anajiandaa."

Na ninajiandaa. Daktari Neema amepiga simu: mtambo umerudi, vuli hii wanaanza, na jina la kwanza kwenye kundi ni la Mzee Kanji. Nimenunua sabuni ya mche na mfuko wa maputo. Kila asubuhi, vidonge vikishaingia, napuliza moja, nalipaka povu, nashika wembe. Mengi yamepasuka, na Asha kila mara anaruka kama kapigwa risasi. Jana moja nilifika nalo nusu. Povu lilitoka upande mzima, mpira ukang'aa, nikasikia moyo unadunda kama wa yule kijana wa darasa la sita.

Imebaki nusu ya pili.